Darubini ya Chile, Kitanda cha Lindi

Kuna wanaume waliojaliwa kupanga mambo, na kuna Osewe.

Hakuwa mjinga, hapana. Alikuwa fundi wa intaneti, mzaliwa wa Kibera, kijana aliyeweza kutembea juu ya mabati ya mtaa wao wa Lindi akivuta kebo bila kuamsha mtoto wa mtu. Mabega alipewa, meno alipewa, na kile kicheko chake cha pembeni kilikuwa kimeharibu hesabu za wasichana wengi kabla ya kumfikia Kasyoka. Akili pia alipewa, ila aliitumia kwa zamu. Jumamosi hii zamu ilikuwa ya kupumzika.

Kasyoka alikuwa msichana wa Kawangware, anasomea shahada ya pili ya mambo ya anga, mdomo wake mkali kuliko wembe wa kinyozi. Kikundi chao cha chuo kilikuwa kimeomba muda kwenye darubini moja kubwa iliyo juu ya mlima nchini Chile, kikaomba tena, kikakataliwa, kikaomba, hadi kikapewa asubuhi moja. Asubuhi ya huku, maana huko Chile bado ni usiku na nyota ziko kazini. Mwalimu wake, Daktari Kimotho, akamkabidhi usukani: akae kwa laptop, aongee na mwendeshaji wa darubini, akague kila picha inapoingia, aseme rudia ama endelea. Akipotea mtandaoni, darubini inageuzwa kwa watu wengine walio kwenye foleni, na Kasyoka na shahada yake wanabaki kutazama dari.

Sasa intaneti ya chuo ilikuwa imekufa tangu Alhamisi. Kawangware nako stima ilikuwa inaingia na kutoka kama mgeni asiye na adabu. Ndipo Osewe akasema, "Kuja kwangu, babe. Net ya Lindi mimi ndiye baba yake."

Hapo angenyamaza, tungemsifu hadi leo.

Lakini alikaa akawaza: Kasyoka atakuwepo, ni wikendi, mbona nisimalize kila kitu mara moja? Bila kumwambia msichana, akampigia simu Anti Aluoch wa Kisumu Ndogo, mtaa mwingine wa hapo hapo Kibera, shangazi yake muuza omena aliyemlea tangu mamake afariki. Akamwambia aje aone mke. Halafu, kwa vile mtu akianza kuteleza huteleza hadi mtaroni, akampigia na Mama Mulwa wa Kawangware, mamake Kasyoka. "Wazazi wajuane," alijiambia akijipiga kifua.

Ulisikia wapi mama wa msichana akiitwa kwa mwanamume kama mtu wa kuja kusoma mita? Kwa Wakamba, watu wa mwanamume ndio huja, tena na mbuzi wa ntheo mbele yao, na mbuzi hao wasipokuja hakuna ndoa, kuna mazoea tu. Kwa Wajaluo pia njia ni hiyo ya kwenda kwa kina msichana, na juu yake kuna lile jambo la kitanda. Kitanda tutakifikia.

*

Saa tatu na kitu, picha ya kwanza iliingia.

"Njoo uone," Kasyoka alisema bila kugeuka.

Osewe alikuja akainama nyuma yake, mkono mmoja juu ya meza, kidevu karibu na bega lake. Alinukia sabuni ya kipande na asubuhi. Kasyoka alijikuta anasoma mstari mmoja kwenye skrini mara nyingi kuliko inavyostahili.

"Hii ndiyo iliyofanya ukose kulala wiki nzima? Manze, ni madoa."

"Kila doa ni galaksi. Ndani ya kila moja kuna majua kibao."

"Haya mekundu?"

"Hayo ndiyo yenyewe. Kundi changa. Tunaliona lilivyokuwa kabla hata jua letu halijawaka, mwanga wake ulikuwa njiani wakati wote huo." Alisogeza kidole kwenye skrini. "Ona, zinaingia kutoka huku, na huku. Tunataka kujua kundi hujijenga vipi. Zilikuja moja moja, ama zilikuja kwa vikundi vilivyokuwa vimeshajuana?"

Osewe hakucheka. Hii ndiyo sababu Kasyoka alimpenda. Siku walipokutana, kwenye kibanda cha chapati, alimweleza kazi yake akitarajia lile swali la wanaume wote, eti nyota yangu inasema nini. Osewe alitafuna, akafikiri, akasema: "Kibera pia hakuna mtu alikuja solo. Babu yangu alimfuata binamu yake, binamu alimfuata jirani wa huko kwao. Sasa huko juu, nani alitangulia?" Walimu wake walikuwa wameandika kurasa nyingi kuliuliza swali hilo, na hakuna aliyeliuliza na chapati mdomoni.

"Endelea na ya pili," Kasyoka alimwambia mwendeshaji kwa Kiingereza. Kule mlimani mwanamke mwenye sauti ya subira akajibu kwamba anga ni safi, wanaendelea.

Pumzi ya Osewe ilikuwa bado shingoni mwake. Aligeuka kidogo. Macho yakakutana, yakakaa. Galaksi zingesubiri nusu dakika, zilikuwa zimesubiri zaidi ya hapo.

"Hodi! Kuna watu ama kuna panya tu?"

Kasyoka aliijua sauti hiyo kabla hajazaliwa.

"Mwaitu? Unafanya nini Kibera?"

Mama Mulwa aliingia akiwa na gauni la kanisani, kiondo begani, viatu mkononi. Alikuwa mfumaji wa masweta ya shule, mwanamke mnene wa heshima aliyeamini kwamba Nairobi inaishia Kawangware na kwingine kote ni ajali.

"Niliitwa. Huyu kijana wako alinipigia na sauti ya mchungaji, 'Mama, karibu tujuane.' Nimeruka mitaro hadi magoti yananiuliza nimeyakosea nini. Hivi hapa mnapita na miguu ama mnasali tu mkajipata upande ule?"

Kasyoka alimwangalia Osewe. Osewe aliangalia bati.

"Nilitaka iwe surprise," alisema.

"Leo?"

"Si uko hapa? Na Anti anakuja pia. Dakika mbili tu, babe, wakusalimie, watambuane, basi."

"Osewe, nikiachilia hii kitu dakika mbili..."

"Hutaachilia. Utawasalimia ukiwa hapo hapo. Kwani mdomo na laptop zinagombania waya?"

Mama Mulwa alikuwa bado amesimama. Nyumba ilikuwa chumba kimoja chenye viti viwili: kimoja amekalia Kasyoka, kingine kimekaliwa na kisanduku cha intaneti na nyaya zake, na hakuna aliyethubutu kukigusa. Kwa kawaida pazia hugawa chumba, huku sebule, kule kitanda, na wageni hujifanya hawajui. Lakini Osewe, ili wageni waone usafi, alikuwa amelifua pazia alfajiri, na sasa lilikuwa kwenye kamba nje likidondosha maji. Kitanda kilikuwa wazi, kimetandikwa shuka jipya, kinakaribisha.

"Mathe, miguu imechoka," Osewe alisema kwa heshima zake zote. "Keti tu hapo kwa kitanda. Jiskie nyumbani."

Mama Mulwa akaketi. Kitanda kikalia. Akaweka kiondo magotini, akatoa chupa ya maji, akanywa.

Na Anti Aluoch akatokea mlangoni.

*

Alikuwa mrefu, kilemba cheupe cha kanisa, mkono mmoja umebeba fungu la omena kwenye gazeti. Alikuwa amefungua mdomo kusalimu. Salamu haikutoka. Macho yalitembea kutoka kwa Mama Mulwa hadi shuka, shuka hadi mto, mto hadi Osewe.

"Yaye," alisema polepole. "Huyu ni nani amekalia kitanda chako?"

"Anti, karibu! Huyu ndiye mamake Kasyoka. Mathe, huyu ni Anti Aluoch, ndiye mama yangu kwa..."

"Nimekuuliza amekalia nini?"

"Kitanda," alisema Mama Mulwa mwenyewe. "Kwani huko kwenu kinaitwaje?"

Anti Aluoch alirudi nyuma hatua moja, nje kabisa, kana kwamba kizingiti kimewaka moto.

"Mama mkwe! Juu ya kitanda cha mkwe! Osewe, nyathina, mwanangu, hata mahari haijanusa barabara, umeshatuletea chira?"

Osewe alilijua neno chira jinsi watoto wa Kibera wanavyolijua: kitu kinachowapata watu wa mashambani waliovunja miiko, kinachowakondesha hadi wafe. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mama mkwe hatakiwi hata kukiona kitanda cha mkwe, sembuse kukipasha joto.

"Anti, mi sikujua. Viti havikutosha."

"Hungejua vipi? Wenzako wakifundishwa mila wewe ulikuwa juu ya mabati unaongea na nyaya."

"Mama," alisema Mama Mulwa, naye hajainuka, "nimeketi kwa sababu mwenye nyumba amenionyesha pa kuketi. Kama kitanda chenu kinauma watu, mngekifunga kamba."

"Wewe ungejiheshimu ungesimama!"

"Nimesimama tangu Kawangware! Na ningejua ninakuja kusomewa sheria za godoro ningebaki kwangu. Kawangware mgeni hupewa kiti."

"Kawangware!" Anti Aluoch alicheka kwa pua. "Mabati ni yale yale, tofauti ni majivuno. Na hicho kwenye kiondo ni nini? Muthokoi? Mahindi yaliyovuliwa ngozi yakaachwa yaone baridi?"

"Afadhali yangu ni mahindi. Hao wako kwenye gazeti paka wa kwangu hawezi hata kuwaita samaki. Atadhani ni kucha."

Kasyoka alikuwa amebana kipaza sauti kwa kiganja. Picha ya pili ilikuwa inaingia, na pembeni yake kulikuwa na ukungu mdogo. Aliangalia tena. Haukuwa ukungu wa mawingu, kioo cha darubini kilikuwa kimesogea unywele mmoja. Akamwambia mwendeshaji akirekebishe na kurudia.

"Na huyu ndiye?" Anti Aluoch alimwelekezea kidevu kutoka nje. "Mtu anamkuta mkwe wake, haamki, hasalimu, amekodolea televisheni?"

"Anti, hamjambo, nisamehe," alisema Kasyoka akigeuza nusu ya uso. "Niko kazini. Nikiinuka nitaharibu. Saa sita nitakuwa nimemaliza, nitakusalimia kwa magoti ukitaka."

"Kazi gani hiyo? Osewe, anafanya kazi gani?"

Lilikuwa swali rahisi. Lilihitaji mwanamume mmoja na sentensi moja. Kasyoka alingoja, mgongo umenyooka, akiisikia sentensi hiyo moyoni kabla haijatamkwa: Anti, anatafuta jinsi dunia za mbali zilivyojikusanya.

Osewe alikuwa katikati ya chumba, shangazi mbele, mama mkwe nyuma, kitanda kinalia. Akatoa kile kicheko chake cha pembeni.

"Ah, Anti, ni picha tu za nyota. Atazima laptop sai."

Kuna dharau zinazopigwa kelele, na kuna zinazovaa kicheko. Kasyoka aligeuka na kiti chake mzima mzima.

"Picha tu?"

"Babe, ni kusema tu..."

"Mwambie shangazi yako hii ni nini. Wewe unajua. Wewe peke yako kwenye hii nyumba ndiye unayejua."

"Nimwambie nini, Kasyoka? Eti unaangalia vitu vya kabla ya Adamu?"

"Kabla ya Adamu!" Anti Aluoch alipiga kofi. "Na vya leo ataviangalia lini? Sufuria ikishaungua?"

Osewe akacheka tena. Kidogo tu, kwa pua, kama mtu anayepiga chafya kanisani. Lakini alicheka.

"Ona unavyocheka," Kasyoka alisema. "Mwanamume mzima unajipendekeza kwa kicheko kama kondakta mgeni."

"Mimi ndiye najipendekeza?" Sasa na yeye alikuwa amechomwa. "Mi nimekupa nyumba, nimekupa net, nimekesha nikisafisha laini ndiyo usikatike. Na wewe je? Siku ile ya sherehe ya chuo, Daktari Kimotho akauliza mimi ni nani. Ulisema nini? Sema hapa mamako asikie."

Kasyoka alirudisha macho kwenye skrini.

"Ulisema 'huyu ni engineer'. Mimi, engineer! Nikashika ile glasi ya juisi jioni nzima nikiogopa kuulizwa swali. Uliona aibu kusema unatoka na msee wa kupanda mabati. Sasa unataka kazi yako iheshimiwe, kwani yangu uliiheshimu lini?"

Hata Mama Mulwa aliacha kunywa maji. Ilikuwa kweli, na kila mtu chumbani aliiona kweli hiyo ikiwa imesimama kama mtu wa tano. Na mtu mwenye kiburi akikosa jibu hunyoosha mkono kwenye kabati la matusi.

"Nilikusaidia," alisema. "Ukweli wako haukuwa na nguo ya kuvaa sherehe."

Osewe alibaki kama aliyemwagiwa maji.

"Basi tokeni wote," Anti Aluoch aliamuru kutoka nje. "Hii nyumba ifungwe hadi niite wazee. Hapana mtu kubaki ndani na hiyo laana imekaa hapo. Osewe, zima hicho kitu chake atoke tuongee kama watu."

"Usiguse," alisema Kasyoka.

"Nyathina. Zima."

Mwanamke wa mlimani alikuwa anauliza kama waendelee na ya tatu. Kasyoka alikuwa bado hajamjibu. Osewe hakuwa anamwangalia yeye, alikuwa anaangalia ule ukuta ambapo plagi ya kisanduku imechomekwa. Kilichokuwa usoni mwake hakikuwa heshima kwa shangazi. Ilikuwa ile glasi ya juisi.

Akainama, akachomoa.

Taa ndogo za kijani zikafa moja baada ya nyingine.

"Dakika mbili tu," alisema, na sauti yake tayari ilikuwa inajuta. "Tuongee, halafu..."

Kasyoka hakupiga kelele. Angepiga, Osewe angekuwa na kitu cha kujibu. Alifunga laptop nusu, akaibeba kifuani, akachukua simu, akapita katikati yake na shangazi yake kama mtu anayepita kati ya nguzo mbili za stima.

"Mwaitu, kuja na leso yako."

*

Nje, uchochoro ulikuwa na jua kali na watu wake. Kasyoka alipindua ndoo tupu ukutani kwa jirani, akaikalia, akawasha intaneti ya simu. Jua likampiga kwenye skrini, hakuona kitu ila uso wake mwenyewe, na haukuwa uso wa kutazama wakati ule. Mama Mulwa akasimama juu yake, akatandaza leso kwa mikono miwili kama paa.

"Hivyo?"

"Shusha kidogo. Hapo hapo, Mwaitu."

"Sijui unaangalia nini," alisema mamake, "lakini huyo mwanamke akikicheka, basi mimi nitakishikia hadi mikono ing'oke."

Mtandao wa simu ulifika, ukaondoka, ukafika. Sauti ya mlimani ilikuja imekatwakatwa: wamempoteza, kikundi kingine kiko tayari, sheria ni sheria, anampa dakika chache. Kasyoka aliinua simu juu ya kichwa, akaisogeza kushoto, akaisogeza kulia. Mabati kila upande. Mamake hakuuliza kwa nini leso imelowa pale ilipogusana na shavu la mtoto.

Mlangoni Anti Aluoch alikuwa bado anahutubia. "Mwache aende! Msichana wa kuongea na milima, atakulea nini? Wasichana wa maana hawapo? Wewe, unaenda wapi? Osewe! Nakuongelesha!"

Bati la juu likalia, dum.

Kasyoka hakuinua macho. Aliijua miguu ile. Alijua inavyotafuta msumari na ubao chini yake, inavyoruka pengo kati ya nyumba na nyumba. Ndani ya nyumba plagi ilikuwa imerudishwa, aliona kwa kona ya jicho taa za kijani zikipepesa. Kisha kebo ya bluu ikateremka kutoka ukingo wa paa, ikayumba mbele ya pua yake, kichwa chake kipya kimebanwa sasa hivi.

"Shuka chini wewe!" Anti Aluoch alikuwa ametoka katikati ya uchochoro, kilemba kimehama. "Unapanda nyumba za watu kwa sababu ya mwanamke ambaye mamake amekuletea kifo kitandani?"

"Dawa ya kitanda chenu ni viti!" Mama Mulwa alimjibu chini ya leso. "Nunueni viti, hiyo chira itahama yenyewe!"

"Viti! Mimi sinunui viti vya Mkamba! Bila kuosha hiyo nyumba hakuna harusi!"

"Harusi ya nani? Umeona mbuzi wangu wapi? Nimekuja kutembea, nikapata mkutano wa magodoro!"

Kasyoka aliitazama ile kebo. Kiburi kilimwambia aiache ining'inie hadi ioze. Kiburi chake kilikuwa hodari, kilikuwa kimemvusha mitihani mingi. Lakini yale madoa mekundu yalikuwa mbali kule yakiingia kundini, na hakuna hata moja lililomcheka.

Akaishika, akaichomeka kwenye laptop.

Mtandao ukaja kama maji ya mfereji. Skrini ikafunguka, sauti ya mlimani ikarudi safi, ikapumua. Mwanamke yule alisema alikuwa ameshaweka mkono kwenye simu kuwaita wale wengine. Anga bado safi. Kuna muda wa picha zilizobaki, bila mchezo.

"Tuanze ya tatu," Kasyoka alisema.

Nyuma ya leso kivuli kilishuka kutoka paani, kikasimama. Viganja vyake vilikuwa vyeusi kwa masizi, na kwenye kidole gumba damu, mahali bati lilipomkata. Kasyoka aliiona ile damu kabla hajakataza macho yake. Moyo ulimrukia. Akaukalisha chini.

"Kasyoka," Osewe alisema. "Nimekosa."

Kasyoka aliongeza mwanga wa skrini.

"Anti nitamwambia. Nitamwambia zilikuja kwa vikundi ama solo, nitamwambia swali lote. Angalau niangalie, bana."

Picha ya tatu ilianza kujichora kutoka juu kwenda chini, mstari kwa mstari, kali, haina ukungu. Lile kundi lilikuwa pale, na pembeni yake kikundi kidogo ambacho hakuna aliyekiona kwenye picha za zamani, galaksi chache zilizobanana, ziko njiani. Kasyoka alisahau kupumua. Alitaka kumvuta mtu mkono amwonyeshe. Mtu wa kumvuta alikuwa hapo hapo, hatua moja, na ndiye aliyechomoa plagi.

"Laini yenu imekuwa nzuri kuliko mwanzo," mwanamke wa Chile alisema. "Nani ameirekebisha?"

Wote watatu walisikia, hata Anti Aluoch alipunguza sauti, maana Kiingereza hicho kilikuwa rahisi. Kasyoka alilowesha midomo.

"Fundi wa Kibera," alisema. "Anavuta kebo juu ya mabati. Anaitwa Osewe."

Osewe alianza kutabasamu. Lile tabasamu la pembeni lilianza kupanda, pole pole, likitafuta mahali pa kukaa.

"Usicheke," Kasyoka alimwambia, macho kwenye skrini. "Hapo nimerekebisha kosa langu. Lako liko pale pale kwenye ukuta ulipoinamia."

"Lakini kebo umeikubali."

"Kebo nimeikubali kwa sababu galaksi hazijanikosea. Wewe umenikosea, tena ukicheka. Mwaitu, inua leso kidogo."

"Kwa hivyo tuko wapi, Kasyoka? Mi na wewe. Niambie tu."

Mamake aliinua leso. Mwanga ukaingia kidogo, ukamwonyesha mwanamume mwenye masizi na damu, mzuri kuliko inavyofaa, anangoja. Kasyoka alimwangalia mara moja, kamili, jinsi mtu anavyoangalia duka lililofungwa ambalo alizoea kununua. Kisha akaisogelea skrini, na ule mlima wa mbali.

"Endelea," alimwambia mwanamke wa Chile, na hakuna mwingine aliyeambiwa.